Milioni Moja na Tisa

Mungaa, 10 Januari 1954
Asubuhi mawingu mazito upande wa mashariki. Mvua bado.

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Usinicheke kwamba hata barua naianza na hali ya hewa kama daftari langu la kila siku. Mkono umeshazoea.

Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti tu. Uwele umeota vizuri bondeni, ila huku juu kwenye mchanga tumepanda mara ya pili. Ng'ombe wote wapo. Mama hapendi nitaje ni wangapi, eti kuhesabu huwapunguza, basi wapo. Yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama amezaa jike. Shuleni nimepewa darasa la tatu, wasichana thelathini na wawili, nao mama hajui kama nimewahesabu.

Umetuandikia barua tatu tangu Oktoba ulipopanda lori kwenda huko. Nimezisoma zote mara nyingi. Zinasema mablanketi ni mazito, uji una maziwa, na mlima unaonekana asubuhi. Hakuna hata moja inayosema daktari amesema nini. Kaka, mimi si mama. Mimi ndiye niliyefua mashuka yako mwezi wa tisa. Niambie.

Mama amempelekea Mzee Mughwai kuku mweupe amsomee matumbo. Nilimkataza. Nilimwambia mimi nimesoma mpaka darasa la kumi, nawafundisha watoto wa watu katekisimu, halafu nyumbani kwetu tunasoma utumbo wa kuku? Akanijibu kwa Kinyaturu, polepole, kama anavyofanya akikasirika: "Wewe una daftari lako. Niachie kuku wangu." Mzee Mughwai akampasua, akaugeuzageuza utumbo kwa kijiti, akasema njia iko wazi, kijana atarudi. Mama alilala vizuri usiku ule. Mimi nililala saa saba.

Nakungoja kwa barua, na baadaye kwa miguu yako mwenyewe.
Mdogo wako, Felista


Hospitali ya Kifua, 2 Februari 1954

Mdogo wangu Felista,

Marahaba. Barua yako ilichukua siku kumi na nane, nadhani ililala Arusha. Nimefurahi juu ya ndama. Mwambie mama goti alikande kwa maji ya chumvi.

Mimi sijambo. Kwenye kitanda cha jirani yupo Mnyiramba mmoja wa Iguguno, Zefania, fundi wa kushona. Amekuja na kofia ya sufu aliyoishona mwenyewe, haivui hata akioga. Anasema Wanyaturu tumejaa wodi hii kwa sababu ya kunusa vumbi la ng'ombe wa wenzetu. Nikamjibu Wanyiramba hawana ng'ombe wa kuwatolea vumbi. Tunaendelea hivyo mpaka Sista atunyamazishe, maana kucheka kunaleta kikohozi.

Mwache mama na kuku wake. Lakini tangu nikiwa mtoto sijasikia hata siku moja kuku wa Mzee Mughwai akisema njia imefungwa. Ni kuku gani hao wasiokuwa na habari mbaya?

Sasa nisikilize, nina kazi yako. Unamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu chuo cha ualimu, niliyekusimulia? Kila Ijumaa aliandika namba ubaoni akasema, "Ivunjeni." Ya mwisho aliyoandika ilikuwa 1,000,009. Kengele ikalia, hakutupa jibu. Imenikaa kichwani miaka sita, na hapa nina muda.

Namba nyingi huvunjika: 91 ni 7 mara 13. Nyingine, kama 97, hazigawanyiki kwa chochote ila kwa moja na kwa zenyewe. Milioni moja na tisa ni ya kundi gani? Ili tujue, lazima tuigawanye kwa kila namba isiyogawanyika iliyo chini ya elfu moja. Tukivuka elfu bila kupata kitu, hakuna tena cha kutafuta, kwa sababu elfu mara elfu tayari ni milioni. Mbili na tano tunaziacha, jicho linatosha. Zinabaki 166. Mimi nachukua zinazoishia na 1 na 7, ni themanini na sita. Wewe chukua zinazoishia na 3 na 9, ni themanini. Niandikie baki ya kila moja. Mmoja akikosea mwenzake hatajua, kwa hiyo fanya kila moja mara mbili.

Daktari anasema mengi. Kuna karatasi anataka niitie sahihi. Bado nafikiri. Tufanye hesabu kwanza.

Kaka yako, Nathanaeli


Mungaa, 23 Februari 1954
Asubuhi mvua kubwa, imekatika saa tatu. Barabara ya Singida haipitiki.

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Mvua imetukumbuka. Tembe letu linavuja upande wa jikoni, nimepanda juu na kuongeza udongo mwenyewe, mama akiwa chini ananielekeza kama mwanajeshi. Anakusalimu. Aliniuliza huko mnalala wangapi chumba kimoja, halafu akajishika mdomo.

Kazi yako nimeianza. Naifanya baada ya kusahihisha madaftari ya watoto. Kwa 3, baki 1. Kwa 13, baki 10. Kwa 19, baki 1. Nimefika 113, baki 72. Zote nimezifanya mara mbili, na orodha iko nyuma ya karatasi hii. Nakiri kwamba naipenda namba hii. Kila ninapoigawanya nafikiri safari hii imenasa, halafu mwishoni inachomoka.

Karatasi gani, kaka? Umeandika mistari arobaini kuhusu namba na mstari mmoja kuhusu karatasi. Mwalimu mwenzangu Kristina ana mjomba aliyelazwa huko, na anasema kuna wanaopasuliwa kifua. Ndiyo hiyo? Na ule mkono ulioandika "bado nafikiri" ulikuwa unatetemeka, au ni kalamu mbaya?

Sali nami nasali.
Felista


Hospitali ya Kifua, 14 Machi 1954

Mdogo wangu Felista,

Marahaba. Pole na tembe. Mwambie mama tupo wodi yenye madirisha mengi.

Haikuwa kalamu.

Zefania alitia sahihi karatasi yake. Walimchukua Jumanne asubuhi. Aliniachia kofia nimtunzie, akasema, "Mwalimu, nikirudi nataka kuikuta hiyo milioni imekata roho." Kofia ninayo mpaka leo. Kitandani kwake sasa yupo mzee wa Kondoa asiyependa mazungumzo.

Basi umeniuliza, na sasa nakujibu. Daktari anataka kunitoa mbavu saba upande wa kulia, ili pafu lilale na kidonda chake kijifunge. Sindano peke yake zimeshindwa. Anayepasua haanzi na mgonjwa mpya baada ya Aprili, maana mwisho wa Mei anaondoka likizo, na atarudi baada ya miezi sita. Nilimwuliza daktari kama naweza kumngoja. Akaangalia picha ya kifua changu muda mrefu, akasema, "Wewe unaweza. Pafu lako haliwezi."

Sasa nitakueleza jambo, na usimwambie Padre wala mama. Nimejiwekea sharti. Namba yetu ikifika 997 bila kugawanyika, natia sahihi. Ikigawanyika, sitii, narudi nyumbani. Najua unachotaka kusema, na mimi mwenyewe nimeshajisema. Lakini kila mtu hapa ananiambia kwa huruma. Sista ana huruma, daktari ana huruma, Zefania naye alikuwa nayo. Nataka kuambiwa na kitu kisicho na huruma wala hila.

Zangu nimefika 577. Hakuna iliyogawanya. Zilizobaki ni chache kwangu na nyingi kwako. Fanya haraka lakini usikosee.

Nathanaeli


Daftari langu. Jumamosi, 27 Machi 1954
Asubuhi ukungu bondeni, baadaye jua.

Nimepalilia mpaka saa nne. Nimefua. Saa sita nimekaa mlangoni na karatasi za kaka.

283: baki 170.
293: hakuna baki.

Nimeifanya tena. Hakuna baki. Nimekwenda kisimani nikarudi, nikaifanya mara ya tatu kwenye karatasi mpya. Halafu nikairudisha nyuma: 293 mara 3,413. Jawabu 1,000,009 kamili.

Mama ameniuliza kwa nini nimeuacha mlenda ukaungua. Nimemwambia kichwa kinauma.

Nimelala saa nane.


Daftari langu. Jumapili, 28 Machi 1954
Asubuhi jua kali, hakuna wingu.

Misani sikusikia mahubiri. Nilifikiri hivi: nikimwambia, hatatia sahihi, na pafu halitangoja. Nisipomwambia, atatia sahihi kwa ajili ya uongo wangu, na kama atakwenda njia ya yule fundi wa kofia, mimi ndiye nitakayekuwa nimempeleka.

Sina wa kumwuliza. Nimemtazama mama akichambua mboga. Nikamwuliza, "Mama, kama Mzee Mughwai angekwambia njia imefungwa, ungefanya nini?" Akasema, "Ningempelekea kuku mwingine."

Nimelala saa tisa.


Mungaa, 5 Aprili 1954
Asubuhi mvua nyepesi.

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Sote wazima. Ndama anakua. Uwele umeanza kutoa masuke na ndege wameshauona. Kristina anakusalimu.

Nimezimaliza zote themanini mpaka 983. Hakuna hata moja inayogawanya. Baki zote ziko kwenye karatasi ya pili, kwa mpangilio, kama ulivyotaka. Kama zako nazo zimekwisha salama, basi namba yetu haigawanyiki, nawe unajua ulichoahidi.

Usichelewe. Aprili ni fupi.

Mdogo wako, Felista

(Karatasi ya pili, sehemu yake)
269, baki 136.
283, baki 170.
293, baki 1.
313, baki 287.


Mungaa, 9 Mei 1954
Asubuhi upepo, vumbi la kwanza la mwaka.

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Tumevuna uwele wa bondeni. Mama ametenga kibuyu kimoja cha asali kwa ajili yako, na amekifunga kitambaa ili nisikionje.

Hatujapata barua tangu ile ya Machi. Nakwenda misheni kila basi la barua likifika. Karani akiniona kwa mbali tu anatikisa kichwa, ili nisisumbuke kufika dirishani. Ni mtu mwema. Namchukia.

Kama hukutia sahihi, niandikie. Kama ulitia, mwombe Sista aandike neno moja, lolote. Kama kuna jambo nililokuandikia ambalo limekuudhi, niandikie hilo nalo. Nitakueleza. Kuna jambo ninalotaka kukueleza kwa vyovyote, lakini si katika barua hii.

Felista


Hospitali ya Kifua, 10 Juni 1954

Mdogo wangu Felista,

Marahaba kwa shikamoo zote ulizonirundikia. Mama usimwonyeshe mwandiko huu. Mkono wa kulia bado hauinuki vizuri, na mstari mmoja nauandika kwa mapumziko mawili.

Nipo.

Walinitoa mbavu nne tarehe 28 Aprili na tatu tarehe 19 Mei. Sitakusimulia. Kwanza sikuandika kwa sababu sikuweza, na nilipoweza sikujua nianzie wapi. Naanzia hapa: namba niliivunja kabla ya barua yako.

Nilipomaliza zangu zote bila kupata kitu, nilishindwa kukaa bure nikingoja posta. Milioni moja na tisa ni elfu mara elfu, kuongeza tatu mara tatu. Hilo hata mtoto wako wa darasa la tatu ataliona. Kitabu changu cha chuoni kinasema namba isiyogawanyika haiwezi kupatikana hivyo kwa njia mbili. Ikipatikana kwa njia mbili, imevunjika. Basi nikaanza kuitafuta njia ya pili, nikiwa nimelala, karatasi juu ya magoti. Siku ya tisa nikaipata: 235 mara 235, kuongeza 972 mara 972. Jumlisha uone. Baada ya hapo, kukipata kigawanyo chenyewe kulikuwa kazi ya nusu saa. Ni 293. Inaishia na tatu. Ilikuwa yako.

Hiyo ilikuwa tarehe 30 Machi. Niliikunja karatasi ya daktari nikaiweka ndani ya kofia ya Zefania. Nikamwambia Sista aniulizie siku ya lori la kurudi Singida. Akaniuliza kwa nini, nikamjibu nataka kuona ndama.

Barua yako ilifika tarehe 22 Aprili, lori likiwa la tarehe 26. Sikuisoma. Nilikwenda moja kwa moja kwenye karatasi ya pili kutafuta 293. Nikakuta: baki 1.

Kwanza nikasema amekosea. Halafu nikakumbuka ninayemsema ni nani. Nikaiangalia karatasi vizuri. Mistari themanini, mwandiko mmoja kama umepigwa rula, na mahali pamoja tu kalamu imesimama mpaka wino ukatuama: kabla ya hiyo moja. Felista, ulikuwa na nafasi ya kuandika baki yoyote mpaka 292. Mia moja na arobaini na nne ingenidanganya kidogo. Wewe ukaandika moja! Nilicheka. Kucheka kulikuwa kunaniuma vibaya, nikaendelea kucheka, mzee wa Kondoa akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza tangu alipokuja.

Msichana aliyempigia mama kelele kwa ajili ya kuku mmoja.

Nililala nayo siku ile nzima. Nilikuwa nimeitaka namba kwa sababu haina huruma, na kweli haikuwa nayo, ilikuwa imeniambia nirudi nyumbani. Lakini wewe uliiona 293 kabla yangu au baada yangu, peke yako, na hujawahi kudanganya hata kuhusu hali ya hewa. Nilipomfikiria mtu huyo akiishika kalamu, niliona aibu kupanda lori. Kesho yake niliitoa karatasi kwenye kofia. Sista akasema imekunjamana. Nikamwambia bado inashika wino.

Sikutaka kukuandikia siku ile kwamba najua, nilitaka nikuambie nikiwa nimepona. Lakini kama nisingerudi kutoka chumba cha kupasulia, ungebaki ukidhani kwamba nilikwenda kwa uongo wako. Kwa hiyo nilikuwa nimemwachia Sista karatasi ya kukueleza kwamba sivyo. Amenirudishia jana, nimeichana.

Makohozi yangu yamepimwa mara mbili mwezi huu, hayana kitu. Daktari hasemi nimepona. Anasema tuone Desemba. Bega moja limeshuka, nimekuwa kama tembe letu upande wa jikoni. Kuhusu kofia ya Zefania nimemwandikia mkewe huko Iguguno, anasema niivae mpaka nitakapompelekea mwenyewe.

Mambo mawili. La kwanza, imebaki ile 3,413. Nayo inagawanyika au haigawanyiki? Za kujaribu ni kumi na sita tu, mpaka 53. Sitazigawana nawe. Fanya zote, uniandikie ukweli.

La pili, muulize Mzee Mughwai yule kuku mweupe wa Januari alionekanaje hasa.

Kaka yako, Nathanaeli


Daftari langu. Jumapili, 27 Juni 1954
Asubuhi baridi na upepo mkali wa mashariki. Anga safi.

Barua ya kaka nimeipata jana saa tisa. Karani aliliacha dirisha lake akanikimbilia nayo. Nimemsomea mama yote, isipokuwa mahali panapotaja uongo na mahali panapotaja mbavu. Mama akaniambia, "Sasa soma na hizo ulizoruka." Nikamsomea. Akaenda kukifungua kibuyu cha asali, akanipa kijiko.

Leo baada ya misa nimezifanya zote kumi na sita, kila moja mara mbili. Kwa 2, baki 1. Kwa 7, baki 4. Kwa 31, baki 3. Kwa 53, baki 21. Zote zina baki, na baki zote ni za kweli. 3,413 haigawanyiki.

Alasiri nilikwenda kwa Mzee Mughwai. Alikuwa anaziba ufa wa ghala lake la uwele. Nilimwamkia, akaitikia bila kugeuka, mdomo umejaa tumbaku.

Nikasema, "Babu, yule kuku mweupe wa mama, mwezi wa kwanza. Ulimwonaje?"

"Si nilisema? Njia wazi."

"Nauliza ulichokiona."

Akatema. Akaupapasa ule ufa kwa kidole kana kwamba jibu liko humo.

"Mwalimu wewe," akasema, "tangu lini unauliza habari za kuku?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Hapo akageuka. Alinitazama kama ninavyowatazama wasichana wangu wanapokuja na jawabu ambalo sikuwafundisha.

"Yule kuku alikuwa mbaya," akasema. "Mweusi ndani, huku na huku. Sijapata kuona kuku mbaya kama yule. Ulitaka nimwambie mama yako?"

Akaniuliza, "Kijana yupo?"

"Yupo."

"Basi nishikie udongo."

Nilimshikia udongo mpaka ufa ukaisha. Nimerudi nyumbani jua likizama, nimekula ugali na mama, nimemwandikia kaka ukurasa mmoja wenye baki kumi na sita.

Nimelala saa mbili na robo.